Sauti ya Mstari wa Pili

Siku ya soko, mji wa Baraka, kando ya ziwa, haunong'oni. Pikipiki zinapiga honi nyuma ya visigino vyako, mama muuza ndagala, dagaa wa ziwani, anamtukana dereva, dereva anacheka, na mambo yanaendelea. Lakini siku hiyo kelele iliyowavuta wapita njia ilitoka ndani ya chumba cha mabati karibu na bandari, mahali watu wanapochaji simu kwa nguvu ya jua. Vijana kama kumi walikuwa wakimcheka msichana mmoja.

Msichana huyo alikuwa Waridi, binti wa mzee Zakaria mwenye mitumbwi ya injini. Alivaa kitenge cha manjano chenye maua ya buluu, na kilemba cha kitambaa hicho hicho kilichofungwa kwa haraka ya mtu mwenye shughuli. Mbele yake ilikaa laptop nyeusi, na mikononi alishika padi ya kuchezea. Alikuwa anacheza mpira wa kwenye kompyuta, na kwa mpira huo, tusidanganyane, hakuna kijana wa Baraka aliyekuwa amemfunga tangu Idi. Hawakuucheka mchezo wake, waliicheka picha. Kila alipowasha programu ya kurekodi, wachezaji walianza kukimbia kwa kurukaruka, mpira ukaganda hewani, na feni ya laptop ikalia kwa uchungu.

"Eh, Waridi! Bachezaji bako bameshikwa na kwikwi!" kijana mmoja alipiga kelele.

"Funga kinywa. We juzi nilikufunga sita."

Alijibu kwa ukali, lakini macho yalikuwa yanamwasha. Timu moja ya Lubumbashi inayoshindana katika michezo ya video ilikuwa inachagua mchezaji mmoja kutoka kila jimbo, kila mwaka, ikampa chumba, mwalimu na mshahara wa mwaka mzima. Kwa kuwa mtandao wa huku hauwezi kubeba mechi ya moja kwa moja, watu wa huku waliambiwa watume video: mechi nzima dhidi ya mashine yenyewe, ngazi ngumu kuliko zote, picha safi ya HD, picha sitini kila sekunde, bila kukwama hata mara moja. Waridi alikuwa ametuma mara mbili. Mara mbili alijibiwa kwa maneno yale yale: video inakwama, hatuwezi kukupima. Mwisho wa umri ni miaka ishirini na mitano, na yeye angeifikisha mwezi uliofuata. Hii ilikuwa mara yake ya tatu, na ya nne haikuwapo.

"Dada, punda wako anabeba mizigo mbili," sauti ilisema nyuma yake.

Aligeuka. Alikuwa kijana mrefu, shati jeupe limenyooshwa hadi mikunjo inakata, kamera inaning'inia shingoni. Huyo ndiye Useni, mpiga video wa harusi na mwenye chumba kile. Dada yake Jamila ndiye aliyezoea kukaa mlangoni; yeye mwenyewe alikuwa amerudi jana tu kutoka Uvira.

"Na we ni nani, mupaka uite mashine yangu punda?"

"Mi ni mwenye prise ya umeme ulichomeka hapo," Useni alisema akitabasamu. "Nipishe kidogo, nikuonyeshe."

Aliinama. Alinukia sabuni na vumbi la barabara.

"Unaona? Kichwa ya mashine ndiyo inacheza mupira, na ni kile kichwa unakiambia tena kiandike video. Mushika mbili, moja inamuponyoka. Lakini ndani ya carte graphique, ile kadi ya picha, kuna kakona kadogo kenye batu balitengeneza juu ya kuandika video tu. Kako kanalala mule. Tukaamushe." Vidole vyake vilikimbia juu ya kibodi. "Hapa, tunatoa kazi kwa kile kichwa, processeur, tunaipa carte. Hapa, picha sitini, isipite, mashine isichoke bure. Video isiandikwe kwa disque moja na mupira. Nitakupa disque yangu ya pembeni, hii ya kuhifadhi video. Internet, funga. Na charge ikae ndani siku zote. Ikitoka, mashine inaanza kujihurumia, inapunguza nguvu juu batterie isiishe. Umesikia?"

"Nimesikia," alisema Waridi, ambaye alikuwa amesikia nusu. Nusu nyingine ilipotea mahali fulani kati ya nyusi za kijana huyo na ndevu zake chache. Mimi simlaumu.

Aliwasha kurekodi, akacheza. Wachezaji walikimbia laini, mpira ukateleza kwenye majani, feni ikanyamaza. Vijana waliokuwa wanacheka walitazamana, kisha mmoja mmoja wakakumbuka kwamba kwao wameachiwa kazi.

*

Wiki tatu zilitosha. Useni alimpigia simu asubuhi kumwuliza kama ameamka, akampigia mchana kumwuliza kama amekula, na jioni akampigia bila sababu yoyote. Mama yake Waridi aliacha kuuliza ni nani, alikuwa anasema tu, "Mume wako wa charge anakuita."

Walikuwa na jiwe lao ufukweni, mbele kidogo ya mahali wanapoanika ndagala. Hapo walikula samaki wa kuchoma, wale waitwao mikeke, na mihogo, wakinawa mikono ziwani.

"Sasa nikienda Lubumbashi," Waridi alisema siku moja, "we utabaki na nani?"

"Na simu za batu. Mia moja na makumi mbili kila siku."

"Nauliza kweli, Useni."

"Kweli? Kweli ni hii: nitaiharibu hiyo video kwa makusudi. Ubaki hapa, uwe bibi yangu, unipikie sombe."

"Jaribu uone. Nitakutupa mu maji na hiyo shati yako."

Walicheka mpaka samaki akaanguka mchangani. Wahenga walisema mdomo huponza kichwa, lakini nani huwakumbuka wahenga wakati samaki ni wa moto na mkono wa mpenzi uko juu ya goti lako?

*

Mwisho wa kupokea video ulikuwa Jumamosi, saa kumi na mbili jioni. Walichagua kurekodi Alhamisi, wapate siku mbili za kutuma. Useni alipanga kila kitu tangu asubuhi: disque ya pembeni, programu zote zimefungwa, laptop imeinuliwa juu ya vipande viwili vya mbao ipate hewa.

"Sauti nimeigawa," alimwambia. "Mustari wa kwanza ni mupira. Mustari wa pili ni micro, unashika maneno ya hapa ndani. Ndiyo vile ninafanyaka kwa ndoa, muziki kando, maneno ya batu kando. Ukiangalia video hivi hivi, utasikia wa kwanza tu."

"Wa pili ni wa kazi gani?"

"Ni mazoea tu, chérie. Nakwenda juu ya nyumba kupanguza panneau ya jua, vumbi isitunyime nguvu. We vaa casque ya masikio, usisikie muntu."

Alitoka na ndoo na kitambaa. Waridi aliwasha kurekodi, akavuta pumzi. Kabla hajavaa vifaa vya masikioni, mama Espérance, jirani wa hapo, aliingia mbio, simu mkononi, uso umekauka. Mtoto wa binti yake alikuwa amelazwa hospitali ya Nundu, na simu ilikuwa imezima katikati ya maneno ya daktari. Nafasi zote za umeme zilikuwa zimejaa.

Katika nyumba za kuchajia za Baraka kuna sheria moja ambayo haikuandikwa popote, na kila mtu anaijua kama anavyojua jina la mama yake: kilichojaa kinatoka, chenye njaa kinaingia. Ukikataa, watu watakusema mpaka kule mji wa Mboko. Waridi alitazama pembeni ya kioo, akaona laptop imejaa mia kwa mia, akampa mama nafasi. Kisha akavaa vifaa vya masikioni na kuingia uwanjani.

Alicheza kama hajawahi kucheza. Mara mbili tatu mguu wa mchezaji ulionekana mzito, lakini moyo wake mwenyewe ulikuwa unapiga vibaya, akadhani ni huo. Nne kwa mbili. Filimbi ya mwisho ilipolia alitupa kila kitu akatoka nje akipiga kelele, na Useni akashuka kutoka juu ya nyumba akiwa amelowa maji ya ndoo, akamwinua mbele za watu, jambo ambalo halifanywi. Mama Espérance, mtu wa adabu, alikuwa amekwisha kumaliza, ameurudisha waya wa laptop mahali pake na kwenda. Kwa furaha hiyo, hakuna aliyekumbuka kuzima kurekodi mpaka Useni aliporudi ndani baadaye, peke yake.

*

Ijumaa asubuhi Waridi aliifungua video nyumbani kwa rafiki yake Gentille, fundi cherehani, ili waione pamoja. Dakika ya kwanza ilikuwa tamu. Dakika ya pili wachezaji walianza kurukaruka. Dakika ya tano mpira uliganda hewani, ukatokea upande mwingine wa uwanja. Na hivyo hivyo hadi mwisho, yale mabao manne yote yamekatwakatwa, hata shetani asingeyapanga vizuri hivyo.

Waridi hakulia. Aliifunga laptop, akavaa viatu, akatembea hadi kwenye chumba cha mabati. Watu walikuwa wamejaa, kila mmoja na simu yake.

"Ulisema utaiharibu," alimwambia Useni mbele ya wote.

"Nini?"

"Video. Ulisema kwa kinywa yako, pale kwa jiwe. Mi nikacheka sawa mujinga."

Useni alichukua laptop, akaitazama video. Rangi ilimtoka. Akafungua mipangilio yote: carte ilikuwa inafanya kazi, picha sitini, disque ya pembeni, kila kitu kama alivyokiacha. Akakumbuka waya: jana aliukuta uko ndani.

"Sijue," alisema polepole. "Waridi, kweli ya Mungu, sijue."

"Kila ndoa unapiga video, hakuna hata moja inakwama. Yangu tu ndiyo haujue? Niambie haukutaka iharibike! Niangalie mu macho, useme haukutaka!"

Ilikuwa rahisi kusema. Maneno matatu tu. Lakini Useni alifungua mdomo, akaufunga, akaangalia chini, masikio yakiwaka mbele ya wateja wake wote. Na Waridi, aliyekuwa anamwomba Mungu kijana huyo aseme, akaona ukimya ule, akaelewa alichokielewa.

"Basi," alisema. "Umepata ulichotaka. Lakini mimi haujanipata."

Jioni hiyo simu haikulia. Alimwona Jamila njiani, naye Jamila akavuka barabara. Waridi alilala chali, akihesabu siku chache zilizobaki za ujana wake, kwa maana hivyo ndivyo alivyoiona. Angekuwa yule mama wa Baraka ambaye zamani, wanasema, alikuwa anajua kucheza kitu fulani kwenye mashine. Na mbaya zaidi, katikati ya hasira yote, sikio lake lilikuwa bado linasubiri simu ya bila sababu.

*

Jumamosi mawingu yalifunika ziwa tangu alfajiri. Saa mbili asubuhi Waridi alikuwa tena kwa Gentille, na video ile ile, akitafuta hata dakika kumi zinazofaa.

"Acha, dada yangu," Gentille alisema. "Unajikata na kisu yenye ulishaona inakata."

"Niache. Nitaifungua na programu ya kukata picha. Labda kuna kipande."

Ilikuwa programu aliyowekewa na Useni. Ilipofungua video, chini ya picha kulitokea mistari miwili ya sauti, mmoja chini ya mwingine. Waridi aliitazama. Alikuwa amesahau kabisa. Aliuzima wa kwanza, akauachia wa pili.

Chumba cha mabati kilianza kuongea. Nzi. Pikipiki kwa mbali. Maji ya ndoo juu ya paa. Halafu sauti ya mama mwenye haraka: "Mutoto wangu, nakuomba, simu imenifia, mujukuu eko hospitali." Na sauti nyingine, changa, yenye adabu njema kabisa: "Chukua nafasi yangu, mama. Yangu imejaa." Kisha mlio mdogo wa waya unaochomolewa ukutani.

Waridi aliiongeza sauti. Alirudisha nyuma, akasikiliza tena. Yangu imejaa. Kik. Mahali fulani ndani ya kichwa chake ile nusu ya maneno ambayo hakuisikia ikafika hatimaye, imechelewa wiki tatu: charge ikae ndani siku zote, ikitoka mashine inaanza kujihurumia.

"Gentille," alisema. "Ni mimi."

"Nini ni wewe?"

"Ni mimi nilichomoa. Kwa mukono wangu."

Hakuizima. Mstari wa pili uliendelea: vidole vyake vikibonyeza padi, pumzi zake, kelele za ushindi, mlango. Kimya kirefu. Kisha hatua za mtu, kiti kikivutwa, na Useni akiongea na simu.

"Jamila? Amemaliza. Nne kwa mbili... Ndiyo, nina furaha. Hapana, sina furaha. Nikuambie kweli? Kule juu ya nyumba nilikuwa nafanya dua iharibike. Hivyo hivyo. Napanguza panneau na mukono, na mu roho namuomba Mungu ikwame, abaki. Nimeona haya, dada yangu. Ataenda, na mi nitabaki na simu za batu... Hapana, sitamwambia. Nitamwambiaje? Nakata, nizime hii mashine."

Na hapo ndipo sauti ilipokatika.

Sasa Waridi alilia, kilio cha aibu chenye sauti. Ndiyo maana jana yule mtu hakuweza kusema maneno matatu! Mwongo angeyasema bila shida. Useni alinyamaza kwa sababu alikuwa mkweli kupita kiasi, na yeye akamvua nguo mbele ya soko zima kwa kosa alilolifanya yeye mwenyewe. Majuto ni mjukuu, na huyu mjukuu alikuja mbio.

Alipiga simu. Haikupokelewa. Akapiga tena, mara kumi na moja. Alikimbia hadi kwenye chumba cha mabati, akakuta kufuli, na Jamila amekaa nje.

"Eko Swima, kuna ndoa," Jamila alisema bila kumtazama. "Amebeba na groupe, jenereta yetu. Jua haina leo, huoni? Hakuna nyumba yenye nguvu mu Baraka yote."

Waridi alipiga magoti mavumbini, na kitenge chake cha manjano. "Jamila, nilimkosea. Nilimkosea vibaya."

Sasa Jamila alimtazama, akasema, "Nenda umwambie yeye."

Gentille alikuwa amefika, akitweta, na Casimir, dereva wa pikipiki, nyuma yake. "Waridi, nikuulize kitu moja. Unaenda juu ya groupe, urekodi tena, ao juu ya muntu?"

"Ingekuwa juu ya groupe tu, singekuwa nalia."

*

Barabara ya Swima haina huruma kwa mtu mwenye laptop mgongoni. Casimir alipita kwenye matope hadi magoti, akasukuma kwenye mchanga, akasimama kwenye kizuizi cha kamba akingoja kamba ishuke. Saa saba ya mchana ndipo waliposikia muziki. Zilibaki saa tano.

Harusi ilikuwa chini ya hema la turubai, kando ya kanisa. Useni alikuwa na shati lake jeupe, jicho kwenye kamera. Alipomwona, aliishusha kamera, kisha akaipandisha tena.

"Niko na kazi, Waridi."

"Nilichomoa mimi."

"Nini?"

"Charge. Mama Espérance alikuja, yangu ilikuwa imejaa, nikamupa nafasi. Nilisikia mu mustari wa pili. Ni sauti yangu, Useni. Ni mimi niliharibu, na nikakuchafua mbele ya batu."

Kamera ilishuka taratibu. "Mustari wa pili," alirudia. Halafu uso wake ukabadilika. "Na mwisho... ulisikia na mwisho?"

"Yote."

"Basi unajua. Niliomba ikwame."

"Uliomba na roho. Lakini mikono yako ilikuwa inapanguza panneau." Waridi alijifuta pua na ncha ya kilemba, bila kujali bibi harusi anayemtazama. "Mi nitashika ile ya mikono. Nisamehe. Hata kama hakuna video tena, nisamehe kwanza."

Useni alimtazama yule msichana: matope hadi kiunoni, kilemba upande, macho mekundu. Akatazama saa.

"Disque iko?"

"Iko."

"Kuja."

Jenereta ilikuwa ndogo, na spika za muziki zilikuwa zinaimeza nguvu yote. Kila ngoma ilipodunda, taa ilififia. Useni alikwenda kwa baba wa bwana harusi, mzee Bonaventure, akamnong'oneza kwa muda mrefu. Mzee alikunja uso, akamtazama Waridi, akauliza, "Ni dakika ngapi?"

"Makumi mbili na tano, baba."

"Na ndoa yangu ikae kimya dakika makumi mbili na tano juu ya mupira?"

"Juu ya maisha yake, baba. Nafasi inaisha leo magaribi."

Mzee aligeukia wamama waliokuwa wamekaa na vitenge vya sare. "Bamama! Hawa batoto banaomba moteur. Ninyi kinywa zenu zinaombaka mafuta?"

Wamama walipiga vigelegele. Muziki ulizimwa, na wimbo wa vinywa na mikono ukaanza, mkubwa kuliko spika.

Waliweka laptop kwenye meza ya zawadi, kati ya sufuria mpya na bahasha. Waya ulichomekwa, lakini tundu lilikuwa limelegea. Kila ukiuachia, unaning'inia na kutoka. Useni alipiga magoti kando ya meza na suruali yake ya harusi, akaushika waya kwa mkono, akaukandamiza ndani.

"Cheza," alisema. "Hii haitoke."

Waridi alivaa vifaa vya masikioni. Dunia ikanyamaza. Dakika ya kumi kwa saa ya mchezo, mashine ilikuwa imemfunga moja, na hakukuwa na muda wa mechi nyingine. Alitazama chini mara moja tu: kidole gumba cha Useni kilikuwa cheupe kwa kukandamiza, jasho linamtiririka, midomo inacheza kama anayesali. Akarudi uwanjani. Bao la kwanza dakika ya sabini, la pili dakika ya themanini na nane, mpira ukiteleza laini mpaka wavuni, bila kukwama hata kidogo.

Mfanyabiashara mmoja wa Swima alikuwa na sahani ya intaneti juu ya duka lake. Useni aliuondoa mstari wa pili kwenye nakala ya kutuma. Watu wa Lubumbashi, alisema, hawana haja ya nyimbo za ndoa. Wakakaa sakafuni, bega kwa bega, wakitazama asilimia zikipanda. Arobaini. Sitini na moja. Ikasimama kwenye sitini na moja kwa dakika kumi nzima, na Waridi akauma kilemba chake. Ikaendelea. Saa kumi na moja na dakika arobaini na tatu ikaandikwa: imepokelewa.

Useni aliuficha uso wake kwenye bega la Waridi, na Waridi akajua ni kilio cha kushinda na cha kupoteza kwa pamoja.

*

Jibu lilikuja baada ya siku kumi na mbili: njoo. Wiki moja baadaye, bandari ya Baraka ilimwona Waridi akipanda boti ya Kalemie, njia ya kwenda Lubumbashi, sanduku moja, laptop mgongoni, kitenge kile kile cha manjano kikiwa kimefuliwa matope. Mama yake alilia. Baba yake hakufika bandarini. Alisema ana wageni nyumbani, jambo lililomuumiza Waridi zaidi ya alivyosema.

Useni alimpa disque. "Mechi ya Swima iko humu, ile yenye mistari yote mbili. Ukishakumbuka kwetu, uisikilize."

"Hauna kitu ingine ya kuniambia?"

"Bateau inaondoka, Waridi."

Hakumwomba abaki, hakumwomba amngoje. Alisimama tu na shati lake jeupe, akawa mdogo, mdogo, mpaka akachanganyika na mabati ya bandari. Waridi aliona mwaka mzima mbele yake, mrefu kuliko ziwa, na moyo wake ukamwambia kwamba hivi ndivyo mambo yanavyokwisha: kwa adabu.

Hakungoja kukumbuka. Baraka ikiwa bado inaonekana, alifungua laptop, akazima mstari wa kwanza.

Wamama wa Swima waliimba. Na chini ya wimbo, karibu kabisa na mashine, sauti ya mtu aliyepiga magoti:

"Waridi. Uko na casque, hausikie. Ndiyo maana naongea. Leo siombi ikwame. Leo naomba ushinde, na mukono unaniuma, na sitaachia. Ukienda, siku ile utapanda bateau, nitatuma bazee kwa baba yako, bakupose. Sitakuambia mbele, usije ukabaki juu yangu. Nataka uende ukiwa wangu, siyo ubaki ukiwa wangu. Funga, chérie, funga! Eh, umefunga!"

Waridi alishika simu kwa mikono miwili. Mtandao ulikuwa umebaki mstari mmoja. Ilimchukua mara nne.

"Useni! Nimesikia mustari wa pili."

"Sasa hivi? Haujafika hata mbali!"

"Batume. Bazee, batume. Usingoje nirudi."

"Bako kwenu tangu asubuhi," Useni alisema, na sauti yake ikapasuka. "Baba yako amebakalisha. Amesema hatajibu kitu mupaka asikie kwa kinywa yako. Mupigie. Mupigie sasa, mtandao utakufa!"

Hakusema kwaheri. Alipiga. Boti ilikuwa inazunguka rasi, na milima ilianza kuuficha mji. Simu ililia, ikalia, kisha sauti ya mzee Zakaria, na nyuma yake sauti za wanaume wanaokula.

"Waridi? Sema upesi, mwanangu. Hawa batu banamaliza samaki yangu. Ndiyo ao hapana?"

"Ndiyo, baba! Ndiyo!"

Lakini simu ilikuwa imekwisha kukatika, na hakujua kama neno lilipita au lilianguka majini. Alipiga hadi mstari ule mmoja ukatoweka. Alikaa juu ya sanduku lake siku hiyo yote, simu mkononi, akirudia neno hilo moja kimya kimya, asiweze kula. Mama mmoja aliyekaa kando yake alimwomba nafasi kwenye kichajio cha boti, kwa kuwa simu ya Waridi ilikuwa imejaa. Akampa zamu yake ya chakula, akampa maji, akampa na nusu ya mkeka wake wa kulalia. Ile nafasi hakumpa.

Asubuhi, mbele ya Kalemie, simu ilitetemeka. Ilikuwa picha moja kutoka kwa Useni: ukuta wa chumba cha mabati, waya umechomekwa, na juu yake utepe wa gundi umebandikwa mara tatu. Chini yake aliandika: Baba yako amesikia. Iko ndani. Haitoke.